Sekunde 112 za uso wake mwenyewe: kisa cha mwanamuziki aliyeigiza na kutunga katika filamu moja

Kabla ya kuanza

Nilikuwa mhariri wa muziki katika filamu ninayoieleza hapa. Jina la msanii, la filamu, nchi na mwaka nimeviacha, na mambo mawili matatu ambayo yangemtambulisha nimeyabadilisha bila kugusa mfuatano wa matukio. Nitamwita Z. Ameusoma uchambuzi huu mzima na kuridhia utoke. Aliomba sentensi moja ifutwe, nami nimeifuta.

Usuli

Z. amefanya muziki wa majaribio kwa karibu miaka ishirini. Kwa asiyeufahamu, huu ni muziki ambamo chumba, chombo kibovu, hata mngurumo wa mtambo unaweza kuwa ndiyo tungo yenyewe. Piano yake ina skrubu na vipande vya mpira vilivyopachikwa katikati ya nyuzi, ufundi ulioanza na John Cage mwaka 1940, alipotakiwa kutungia dansi muziki wa ngoma katika ukumbi usio na nafasi ya ngoma, akaamua kuigeuza piano moja iwe kundi zima la ngoma. Z. pia hubandika maikrofoni za kugusa kwenye bati, milango na reli za ngazi. Maikrofoni hizo hazisikii hewa. Zinanasa mtetemo wa kitu chenyewe, kwa hiyo ukucha ukipita juu ya bati unasikika kama meli inayoburuzwa ufukweni.

Alikuwa na albamu nne, wasikilizaji wachache wasiomwacha, na kazi za kutungia makundi ya dansi ambazo ndizo hasa zilizolipia albamu hizo. Kuigiza hakukupanga. Mchezaji mmoja wa dansi aliumia siku mbili kabla ya onyesho, Z. akaingia jukwaani kuziba pengo, na mtu mmoja ukumbini akamkumbuka. Zikafuata tamthilia tatu, zote nafasi ndogo.

Kisha akaja mwongozaji wa filamu. Alikuwa amemwona Z. akipiga bati lake gizani, akaondoka na picha ya ule uso. Alimtaka aigize ndugu mkubwa wa mhusika mkuu, mtu anayerudi nyumbani baada ya miaka mingi na asiyeeleza alikokuwa. Alimtaka pia atunge muziki wa filamu nzima.

Mkataba wa karatasi moja

Ofa ilikuwa ya jumla: kiasi kimoja cha fedha kwa kuigiza, kutunga, kurekodi na kuwalipa wapigaji wengine wote. Malipo yangegawanywa mafungu matatu, la kwanza wakati wa kusaini, la pili picha ikifungwa, yaani uhariri wa picha ukikamilika na hakuna tena fremu ya kuhamishwa, na la tatu muziki ukikabidhiwa.

Meneja wake alimshauri adai mikataba miwili. Z. alikataa. Sababu yake ninaielewa, hata sasa: alidhani nafasi hizo mbili zimefungwa pamoja, na kwamba akianza kuzichambua, mtayarishaji ataona ni rahisi kutafuta mwigizaji huku na mtunzi kule. Aliniambia baadaye kwamba alijiona kama mtu aliyealikwa karamuni kwa bahati, ambaye si wa kuuliza viti vimepangwaje. Akasaini.

Kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyeliona siku ile. Kazi ya kuigiza ingeisha ndani ya miezi miwili, lakini fungu la tatu la malipo lilisubiri muziki. Ujira wa mwigizaji ukawa rehani ya mtunzi.

Siku za kurekodi

Z. alikuwa na siku 11 mbele ya kamera. Muda wa mapumziko hakuutumia kupumzika. Alitembea na kinasa sauti kidogo na maikrofoni zake, akirekodi reli ya ngazi ya nyumba tuliyoitumia, bomba la maji, jenereta ikizimika. Mrekodi sauti wa filamu alikasirika mara moja, kwa haki kabisa, alipokuta waya umesahauliwa kwenye reli na unagongagonga katikati ya tukio. Mengine yalikwenda vizuri. Tulipomaliza tulikuwa na saa sita za sauti za nyumba ile, na nitarudi kwenye reli.

Mwongozaji aliusifu sana uigizaji wake, hasa ukimya. Mhariri wa picha hakuufurahia. Alinionyesha kwenye skrini: Z. anaulizwa swali, anageuka, anasubiri, anatazama dirisha, anasubiri tena, ndipo anajibu. Ukipunguza subira moja, tukio linachechemea. “Huyu anahesabu,” mhariri alisema. Alikuwa sahihi. Z. alikuwa akiigiza kwa kuacha nafasi za muziki ambao haujatungwa, kama mwimbaji anayeuachia ubeti wa pili upigwe na ala peke yake. Mwigizaji wa kawaida hujaza kila sekunde kwa sababu hajui kitakachokuja baadaye. Z. alijua, au alidhani anajua, kwa kuwa atakayekileta alikuwa yeye mwenyewe.

Chumba cha uhariri, na kosa langu

Filamu inapohaririwa, karibu kila mara huwekewa muziki wa muda: vipande vya kazi nyingine vinavyoshikilia nafasi hadi muziki halisi uje. Hatari yake inajulikana. Mwongozaji akiusikia muziki huo kwa wiki nane, masikio yake yanaufanya kuwa sehemu ya picha, na chochote kipya kinasikika kama mgeni. Alex North alitunga muziki wa filamu ya Stanley Kubrick ya anga za juu iliyotoka mwaka 1968, na alipokwenda kuitazama akakuta hakuna hata noti yake moja. Kubrick alikuwa amebaki na rekodi za muziki uliokuwapo tayari, alizokuwa akizitumia kwenye uhariri.

Nilikijua kisa hicho. Nilijiona mwerevu, nikaamua kuikwepa hatari kwa kuchukua muziki wa muda kutoka albamu ya tatu ya Z. mwenyewe. Nilijiambia kwamba ladha ni yake na mkono ni wake, kwa hiyo hatapata shida.

Z. aliketi nyuma yangu akatazama dakika 20 za mwanzo. Sikumsikia akipumua. Mwisho akauliza, kwa upole, “Sasa mnanihitaji nifanye nini?” Nikadhani ni pongezi.

Rasimu ya kwanza ilikuwa na vipande 14. Mwongozaji alikataa tisa, na kila mara sababu ilikuwa ileile kwa maneno tofauti: haina ule uzito wa kile cha mwanzo. Kile cha mwanzo kilikuwa kimerekodiwa miaka saba kabla, katika ghala, na mtu mwenye maisha mengine. Kumwambia mtunzi aige kazi ya mwenzake ni jambo linalovumilika, maana anaweza kuiga juu juu na kubaki na heshima yake. Kumwambia ajiige mwenyewe ni kumwambia kwamba tangu siku ile hajaongeza kitu.

Wiki sita zilipita hivyo. Kilichotuchekesha katika kipindi hicho ni kosa moja la kiufundi. Sauti za nyumba Z. alizirekodi kwa kilohezi 44.1, yaani sauti inapimwa mara 44,100 kila sekunde, wakati filamu inafanya kazi kwa 48. Mimi, kwa haraka, nikaliingiza faili moja bila kuligeuza. Likapigwa kwa kasi iliyoongezeka karibu asilimia 9, na sauti ikapanda kiasi cha nusutoni moja na nusu. Jenereta ikageuka filimbi. Mwongozaji akaruka kitini: hiyo hiyo! Z. alicheka mpaka akatoka nje, na kipande hicho kimebaki kwenye filamu kama kilivyoharibika.

Orodha iliyosema ukweli

Kila filamu huwa na orodha ya vipande vya muziki, karatasi kavu inayoonyesha kila kipande kinaanza wapi, kina sekunde ngapi, nani kakitunga na haki zimegawanywaje. Mashirika ya haki za muziki huitumia kujua nani alipwe filamu inaporushwa. Kwa kawaida huandikwa mwishoni. Mimi niliianza mapema kwa sababu nilikuwa nimechoka kubishana kuhusu hisia, nikataka namba.

Filamu ilikuwa na dakika 96. Toleo la pili la Z. lilikuwa na dakika 41 za muziki. Hilo halikunishtua. Kilichonishtua ni mgawanyo wake. Matukio ambayo Z. mwenyewe alionekana yalikuwa dakika 21 kwa jumla, na 17 kati ya hizo zilikuwa zimefunikwa na muziki. Katika dakika 75 zilizobaki, muziki ulikuwa dakika 24 tu. Mtunzi yuleyule, anayesifika kwa kuthubutu kuacha kimya, kila alipotokea kwenye skrini alikuwa akijitandikia shuka.

Tukio lililoonyesha hili wazi kabisa lilikuwa la sekunde 112, bila kukatwa. Ndugu mkubwa amesimama mlangoni mwa chumba alimolala utotoni. Mkono uko kwenye fremu ya mlango. Hafanyi chochote. Kwenye sekunde ya 70 hivi, kidole gumba kinaanza kusugua ubao, taratibu, kama mtu anayetafuta alama aliyoichonga zamani. Haikuandikwa kwenye muswada. Z. alipeleka matoleo matatu ya muziki wa tukio hilo na kila toleo lilikuwa zito kuliko lililotangulia: mvumo wa matuazi yanayopigwa kwa upinde, juu yake piano, juu yake jenereta. Kwenye la tatu hukuweza hata kukiona kile kidole. Nasema hukuweza kukiona kwa maana yake halisi: sikio likijaa, jicho linaacha kutafuta.

Nilichapisha orodha, nikapaka rangi ya njano kwenye mistari ya matukio yake, nikaiweka mezani bila kusema neno. Aliitazama muda mrefu.

“Najificha,” alisema.

Halafu akaniomba nilicheze tukio la mlangoni bila sauti yoyote. Alitazama sekunde zote 112 huku ameuma kidole. Siku 11 mbele ya kamera hazikumwogopesha, lakini hapa aliogopa.

Maamuzi matatu

La kwanza lilikuwa kuondoa muziki wangu wa muda wote, mpaka wa dakika ya mwisho. Kwa wiki mbili filamu ilitazamwa kimya. Mwongozaji alilalamika siku nne, kisha akaacha.

La pili lilizua ubishi. Z. alitaka ajitoe kabisa kwenye matukio yake, na mpiga cello wa kundi lake ayatungie. Mtayarishaji aliogopa filamu yenye lugha mbili za muziki. Tulijaribu hata hivyo. Mpiga cello alileta vipande viwili vizuri, kimoja kikaingia. Lakini tulipokuwa tukivisikiliza tuliona kwamba shida ya Z. haikuwa namna anavyotunga. Alikuwa amepotewa na kipimo cha mahali pa kuanzia. Tukakubaliana hivi: katika matukio yake, mwongozaji ataamua muziki unaanza sekunde gani na unaisha sekunde gani, na Z. ataamua ni muziki gani. Katika matukio mengine atabaki na mamlaka yote mawili.

La tatu lilikuwa kurudi kwa mtayarishaji kuomba gharama za kurekodi zitolewe kwenye ule mkupuo mmoja. Meneja alikwenda akiwa hana silaha, maana sahihi ilikuwa imeshawekwa. Fedha hakupata. Alichopata ni haki ya Z. kuzimiliki rekodi zenyewe na kuzitoa kama albamu miezi sita baada ya filamu.

Matokeo

Filamu ilitoka na dakika 23 za muziki, nne tu zikiwa katika matukio ya Z. Sekunde 103 za tukio la mlangoni ni kimya kitupu. Katika sekunde tisa za mwisho inaingia ile reli ya ngazi, sauti moja ya chini, na watu wengi hawatambui kama ni muziki.

Tulichelewa kukabidhi kwa wiki tano, na tamasha ambalo mtayarishaji alililenga likatupita. Fungu la tatu la malipo lilikuja miezi mitatu baada ya hapo, na Z. alikuwa ameshawalipa wapigaji kwa fedha zake. Jina la mpiga cello lilikosekana kwenye orodha ya kwanza iliyopelekwa kwenye shirika la haki. Lilirekebishwa baada ya miezi minne, na uhusiano wake na Z. haujarudi ulivyokuwa. Orodha hiyo niliiandika mimi.

Filamu ilizungushwa kwenye matamasha kadhaa madogo. Walioiandikia walimsifu Z. kama mwigizaji, wakalitaja tukio la mlangoni. Muziki haukutajwa sana. Mwaka uliofuata alipata ofa mbili za kuigiza na hakuna hata moja ya kutunga. Albamu ya reli na jenereta iliuzwa kwa wale wale wasiomwacha.

Uchambuzi

Hoja inayotolewa mara nyingi ni kwamba mtu asishike kazi mbili kwenye filamu moja. Siikubali, na mifano ya kuipinga ipo. Ryuichi Sakamoto alipoombwa na Nagisa Oshima aigize kapteni wa kambi ya wafungwa katika filamu iliyotoka mwaka 1983, alikubali kwa sharti kwamba muziki pia autunge yeye, na muziki huo ukampa BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza. Miaka minne baadaye, kwa Bernardo Bertolucci, mambo yalikwenda kinyume: aliitwa kuigiza, muziki ukaja baadaye, na safari hii alishirikiana na David Byrne na Cong Su, watatu hao wakapata Oscar. Filamu ya kwanza inatufaa zaidi hapa kwa sababu ya lile sharti. Sakamoto aliingia kwa kuzitaja kazi mbili kama vitu viwili. Z. aliingia kwa kuziacha ziwe kitu kimoja, kwa hofu.

Nchi nyingi zinawatazama mtunzi na mwigizaji kwa macho tofauti hata kisheria. Mtunzi yuko chini ya kivuli cha Mkataba wa Berne wa 1886, unaolinda hakimiliki. Mwigizaji wa filamu alikaa juani muda mrefu: ibara ya 19 ya Mkataba wa Roma wa 1961 inasema msanii akisharidhia kazi yake iingizwe kwenye picha, ulinzi aliopewa na ibara ya 7 haumhusu tena. Mkataba wa Beijing wa 2012 ndio uliokuja kuziba pengo hilo, na ulianza kutumika mwaka 2020. Unaposaini kiasi kimoja bila kusema sehemu ipi ni ya nini, kesho hakuna wa kukuambia umeuza uso au umeuza noti. Meneja alikuwa sahihi tangu mwanzo. Wala haikuhitaji kudai fedha zaidi, ilitosha kuugawa mkupuo uleule kwa mistari miwili yenye tarehe mbili.

Kuhusu muda wa kutunga, nimebadili mawazo. Zamani niliamini muziki usubiri picha ifungwe. Hildur Guðnadóttir, katika filamu iliyompa Oscar mwaka 2020, alianza kutunga kutokana na muswada kabla kamera haijawashwa, na muziki ule ulisikilizwa wakati wa kurekodi, mwigizaji akausikia mwilini. Z. alikuwa na kila sababu ya kufanya hivyo. Nafasi alizoacha alipoigiza zilikuwa za muziki uliokuwa kichwani mwake tu. Laiti angelileta hata toleo bovu kwenye seti, mwongozaji angeusikia siku ileile na kusema: acha, uso unatosha. Kwa namna tulivyofanya, swali la siku ya 9 ya kurekodi lilijibiwa miezi saba baadaye.

Sheria yetu ya mwanzo na mwisho wa muziki ilifanya kazi, lakini sipendi kuisifu kupita kiasi. Ilifanya kazi kwa sababu mwongozaji huyu ana sikio. Kwa mwongozaji anayeogopa kimya ingekuwa balaa, angefungulia muziki kila mahali na Z. asingekuwa na haki ya kumzuia.

Na muziki wa muda. Nilimwomba Z. radhi, akasema yamekwisha. Hata hivyo kwenye kazi iliyofuata, ambayo aliigiza tu na mtunzi alikuwa mtu mwingine, alikuja chumba cha uhariri siku moja, akasikia nimeweka nini chini ya picha, akanyoosha mkono na kukizima mwenyewe.